Sura ya Sita: Farmakon, Neno Lililobeba Uzima na Kifo

Mwaka 399 KK, katika gereza la Athens, Socrates aliletewa kikombe anywe afe. Mahakama ya mji ilikuwa imekwisha kumhukumu, na kikombe kile ndicho kilichokuja kuitimiza hukumu. Mwanafunzi wake Plato aliisimulia siku hiyo katika kitabu kiitwacho Phaedo. Msomaji makini wa kitabu hicho atagundua jambo moja: Plato hautaji mmea uliokuwamo kikombeni. Wagiriki walikuwa na jina lake, koneion, mmea wa ukoo mmoja na karoti na giligilani, ambao sumu yake hupooza misuli hatua kwa hatua mpaka pumzi ikatike. Humo Plato hakulitumia jina hilo hata mara moja. Anapokigusia kinywaji kile, mara nyingi anakiita farmakon.

Neno hilohilo tabibu wa Kigiriki alilitumia kwa mafuta ya kupaka kidonda. Mke aliyetaka kurudishiwa mapenzi ya mumewe alilitumia kwa kile alichomwekea kwenye mvinyo. Mchoraji alilitumia kwa rangi zake, na mtunzi wa tamthilia kwa jambo lolote linaloondoa shida. Dawa, sumu, uganga, rangi, suluhisho: yote hayo yalikaa ndani ya neno moja. Mfasiri anayelikuta hana budi kuchagua, na akichagua moja amekwisha kuzifukuza maana nyingine nne.

Ni rahisi kudhani kwamba watu wenye neno la namna hii walikuwa wamechanganyikiwa, kwamba elimu yao ya tiba ilikuwa changa mno kuweza kutenganisha kinachoponya na kinachoua. Naamini kinyume chake. Farmakon lilikuwa na wazo moja lililo wazi kabisa: kitu chenye nguvu ya kukigeuza kile kinamoingia. Kama mgeuko huo ni wa heri au wa shari, neno halisemi. Na kwa kuwa neno halikusema, Wagiriki walilazimika kuutafutia mpaka wa heri na shari mahali pengine: katika sifa inayofuata nomino, katika kipimo, katika sheria, na mwishoni katika kiapo. Sura hii inaufuata mpaka huo.

Msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri katika safari hii. Sisi tunameza dawa ya malaria, tunatega dawa ya panya, tunapaka dawa ya viatu, na tunaambiana kwamba dawa ya deni ni kulipa. Mganga naye ana dawa yake, na mtu akitaka kupendwa kwa nguvu husemwa ametafuta dawa ya mapenzi. Upana wa farmakon tunao tayari kinywani. Ipo tofauti moja tu, nayo ni kubwa. Dawa yetu huegemea upande wa anayeitumia: ya panya humuua panya ili sisi tupone hasara. Mtu akinywa kitu cha kumuua, hatusemi amekunywa dawa; tunasema amekunywa sumu. Farmakon la Kigiriki halikuegemea popote. Lilisimama katikati, likingoja kuambiwa liende wapi.

Katika nyumba ya Circe

Ushahidi wa kale kabisa katika fasihi uko kwa mshairi Homer. Katika kitabu cha kumi cha utenzi wake wa Odyssey, mabaharia wa shujaa Odysseus wanafika kwa Circe, mwanamke wa kimungu anayeishi kisiwani. Anawakaribisha, anawakorogea jibini, unga wa shayiri, asali na mvinyo, kisha ndani yake anatia farmaka, wingi wa farmakon. Wanakunywa, anawagusa kwa fimbo, wanakuwa nguruwe. Odysseus anapokwenda kuwaokoa, mungu Hermes anakutana naye njiani na kumpa mmea wenye mizizi myeusi na ua jeupe kama maziwa. Mmea huo nao ni farmakon. Circe anaposhindwa na kukubali kuwarudisha wale watu, anampaka kila nguruwe kitu fulani, manyoya yanapukutika, wanaume wanasimama tena, vijana kuliko walivyokuwa. Kitu hicho cha tatu nacho kinaitwa farmakon.

Kinachoangamiza, kinachokinga na kinachorudisha, vyote vitatu vina jina moja katika kisa kimoja. Homer anavitofautisha kwa sifa: farmaka za Circe ni za kuhuzunisha, mmea wa Hermes ni mwema. Hapo tunauona mpaka wa kwanza. Nomino inataja nguvu. Kivumishi kinataja njia ambayo nguvu hiyo imepita.

Kisa cha Helen, mke wa Menelaus, katika kitabu cha nne, kinakwenda mbali zaidi. Wageni wameketi nyumbani kwa Menelaus wakiwalilia ndugu zao waliopotea katika vita vya Troy. Helen anatia ndani ya mvinyo farmakon aliyopewa na mwanamke wa Misri, nchi ambayo, kwa maelezo ya Homer, udongo wake huotesha farmaka nyingi, njema na mbaya zikiwa zimechanganyika. Aliyekunywa ya Helen hangetoa chozi siku hiyo hata kama mama na baba yake wangekufa, hata kama nduguye au mwanawe angechinjwa mbele ya macho yake.

Kwa wageni wale waliochoka kulia, ilikuwa rehema. Lakini mtu anayeweza kumtazama mwanawe akiuawa huku macho yake ni makavu, je, amepona au ameharibiwa? Homer hatoi hukumu. Anatuachia kinywaji ambacho uzuri wake na ubaya wake havitenganishiki, kwa kuwa vyote viwili vinatoka katika kazi ileile ya kuzima uchungu. Kila anayeishi karibu na mtu aliyezoea dawa kali za maumivu analielewa tatizo hilo bila kufundishwa.

Kwa nini rangi?

Maana ya rangi huonekana ngeni mpaka uikumbuke dawa ya viatu. Mwanahistoria Herodotus, akieleza mji wa Ecbatana katika nchi ya Wamedi, anasema mji ulizungukwa na kuta saba, na vilele vya kuta tano kati ya hizo vilipakwa farmaka za rangi mbalimbali, huku mbili za ndani kabisa zikipambwa kwa fedha na dhahabu. Empedocles, mwanafalsafa wa Sicily wa karne ya 5 KK, naye aliziita farmaka rangi ambazo mchoraji huzichanganya hata akatokeza sura za miti, watu na wanyama.

Mantiki ni ileile. Rangi hubadilisha kile inachokigusa. Ukuta wa udongo unang'aa, ubao mtupu unakuwa uso wa mtu. Mgiriki aliyeona nguvu hiyo hakuona sababu ya kuitafutia jina jingine. Ila rangi iliongeza kivuli kipya juu ya neno: farmakon inaweza pia kukifanya kitu kionekane kuwa kile ambacho sicho. Kivuli hicho kitarejea tutakapofika kwa Plato.

Limbwata la Piraeus

Washairi wanaweza kuliacha swali wazi. Mahakama haziwezi. Ndiyo sababu sehemu inayotufundisha zaidi juu ya neno hili ni kumbukumbu za kesi.

Miongoni mwa hotuba za Antiphon, mwandishi wa hotuba za mahakamani wa Athens wa karne ya 5 KK, imo moja ya kijana anayemshtaki mama yake wa kambo kwa kumuua baba yake. Kisa ni hiki. Baba alikuwa na rafiki aitwaye Philoneos, na Philoneos alikuwa na suria ambaye yeye Philoneos alikusudia kumpeleka danguroni. Mama wa kambo akamwendea yule suria, akamwambia kwamba wote wawili wamedhulumiwa na wanaume wao, na kwamba yeye anaijua farmakon ya kuwarudishia mapenzi. Kazi yake iwe kuipata. Kazi ya suria iwe kuwanywesha.

Siku ikafika huko Piraeus, bandari ya Athens. Philoneos alikuwa na kafara ya kumtolea Zeus, na rafiki yake alikuwa anajiandaa kusafiri kwenda Naxos. Baada ya chakula, suria akawamiminia mvinyo na kuitia farmakon. Suria akamwekea Philoneos nyingi zaidi, akidhani kwamba kadiri dawa inavyozidi ndivyo na mapenzi yatakavyozidi. Philoneos alianguka akafa palepale. Mwenzake aliugua, akafa siku ya ishirini. Suria alikabidhiwa kwa mnyongaji.

Ni vigumu kuipata hadithi inayolieleza neno hili vizuri zaidi. Kitu kilichokuwa kikombeni ni kimoja. Kwa suria kilikuwa limbwata. Kwa kijana anayeshtaki kilikuwa sumu iliyokusudiwa tangu mwanzo. Na tofauti ya kufa saa ileile au kufa baada ya siku ishirini ilikuwa ni wingi wa kipimo, uliotiwa kwa upendo. Kesi nzima ilisimama juu ya swali ambalo neno farmakon haliwezi kulijibu: yule mama alijua nini, na alitaka nini?

Wagiriki waliona kwamba hapo ndipo haki inapopaswa kutazama. Kitabu cha maadili kilichohifadhiwa kwa jina la mwanafalsafa Aristotle kinataja mwanamke mwingine aliyemnywesha mwanamume limbwata, mwanamume akafa. Baraza la Areopago, mahakama iliyosikiliza kesi za mauaji ya namna hii, lilimwachia huru kwa sababu alitoa kwa ajili ya mapenzi, bila kukusudia kuua.

Mji wa Teos, pwani ya Uturuki ya leo, ulikwenda kwa njia ya laana. Katika maandishi ya jiwe ya miaka ya 470 KK hivi, mji ulimlaani yeyote atakayewatengenezea wananchi wake farmaka za kudhuru, yeye na ukoo wake. Angalia maneno hayo ya mwisho: za kudhuru. Bila sifa hiyo, laana ingewaangukia matabibu, wapaka rangi na nusu ya soko.

Plato alipoandika kitabu chake cha Sheria uzeeni, aliongeza hatua nyingine. Mtu akimdhuru mwenzake kwa farmakon, adhabu itegemee ujuzi wake. Akiwa tabibu, afe. Akiwa mtu wa kawaida asiyeijua elimu ya tiba, mahakama ipime inachostahili. Sababu si ngumu kuiona. Tabibu ndiye anayekijua kipimo. Kwake yeye hakuna kusema kwamba alidhani itamsaidia. Elimu inapozidi, na lawama inazidi.

Maneno yanayonyweka

Hadi hapa farmakon imekuwa kitu cha kunywa au kupaka. Katika karne ya 5 KK Wagiriki walianza kuiona pia mahali pasipoonekana kwa macho. Gorgias, msemaji maarufu kutoka Leontini huko Sicily aliyefika Athens mwaka 427 KK, aliandika hotuba ya kumtetea Helen, yuleyule wa Homer, aliyelaumiwa kwa kusababisha vita vya Troy. Katika hoja zake imo hii: maneno kwa nafsi ni kama farmaka kwa mwili. Kama farmaka nyingine zinavyokomesha ugonjwa na nyingine kukomesha uhai, ndivyo maneno mengine yanavyohuzunisha, mengine yanafurahisha, mengine yanatia hofu au ujasiri, na mengine yanailewesha nafsi kwa ushawishi mbaya. Kama Helen alishawishiwa kwa maneno, basi alinyweshwa, na aliyenyweshwa hana hatia.

Euripides naye, katika tamthilia yake ya Palamedes ya mwaka 415 KK, alimfanya shujaa wake ajisifu kwa kuvumbua maandishi, na akayaita maandishi hayo dawa ya usahaulifu. Neno alilotumia ni farmaka, na hapo maana yake ni njema kabisa: aliye mbali, ng'ambo ya bahari, anaweza kujua yanayotokea nyumbani, na baba akiandika urithi wa wanawe, hawatagombana kuhusu alichosema.

Miongo kadhaa baadaye Plato alilichukua neno lilelile na kuligeuza. Katika Phaedrus, Socrates anasimulia hadithi ya mungu wa Misri, Theuth, anayemletea mfalme Thamus uvumbuzi wake wa herufi na kumwahidi kwamba ni farmakon ya kumbukumbu na hekima. Mfalme anakataa. Anasema herufi zitawapa watu usahaulifu, kwa kuwa wataacha kuzoeza kumbukumbu zao na kutegemea alama zilizo nje ya nafsi. Theuth amegundua farmakon ya kukumbusha. Ya kukumbuka hajaigundua. Wanafunzi wake wataonekana wenye hekima bila kuwa nayo. Hapa ndipo kile kivuli cha rangi kinaporejea: kitu kinachopaka juu sura ya elimu.

Mwaka 1968 mwanafalsafa Jacques Derrida, mzaliwa wa Algeria, alichapisha insha ndefu kuhusu ukurasa huo, na kwayo neno farmakon likaingia katika mijadala ya vyuo vikuu duniani kote. Alionyesha kwamba wafasiri walipoandika "dawa" pale Theuth anapozungumza, waliuziba mlango ambao maandishi ya Plato yaliuacha wazi. Mungu na mfalme wanabishana juu ya neno moja ambalo linawapa wote wawili haki. Naongeza hili: Plato mwenyewe aliyaandika malalamiko hayo dhidi ya maandishi, na kwa maandishi yametufikia. Aliinywa farmakon yake akijua ni nini.

Neno lilikuwa pia na jamaa wa kutisha, farmakos, lenye mkazo mahali pengine. Huyo alikuwa mtu. Katika sikukuu ya Thargelia, Athens ilichagua watu wawili wanyonge, mmoja akavishwa tini nyeusi kwa ajili ya wanaume na mwingine tini nyeupe kwa ajili ya wanawake, wakafukuzwa mjini ili waondoke na uchafu wa wote. Jamii ilikuwa imemgeuza binadamu kuwa dawa yake. Hapo tunaona jinsi wazo la kuponya, likikosa mpaka, linavyoweza kumla mtu asiye na hatia.

Kutoka Alexandria hadi mlango wa famasi

Wayahudi wa Alexandria walipoyafasiri Maandiko kwa Kigiriki, kuanzia karne ya 3 KK, waliwaita wachawi wa Farao kwa neno la ukoo huu. Mtume Paulo aliendeleza njia hiyo: katika Wagalatia 5:20, kati ya matendo ya mwili, kuna farmakeia, na Biblia ya Kiswahili inasema "uchawi". Neno lilikuwa limeanza kuanguka upande mmoja. Hata hivyo halikuanguka lote. Kitabu cha Yoshua bin Sira, kwa Kigiriki, kinamwita rafiki mwaminifu farmakon ya uzima, na Ignatius wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya 2, aliuita mkate wa Ekaristi farmakon ya kutokufa. Mkristo wa kale alionywa dhidi ya neno hilo na kuahidiwa wokovu kwa neno hilo.

Tabibu naye alishika njia yake. Dioscorides wa Anazarbus aliandika katika karne ya 1 vitabu vitano vya mimea na madini ya tiba, na katika karne ya 9, mjini Baghdad, Istifan ibn Basil alivitia katika Kiarabu, Hunayn ibn Ishaq akivipitia. Katika maandishi ya tiba ya Kiarabu, farmaka za Wagiriki zikawa adwiya, wingi wa neno ambalo ndilo mzazi wa "dawa" yetu. Kwa njia nyingine, kupitia Kilatini na lugha za Ulaya, farmakon ikatuletea famasi na mfamasia. Mtu akiingia famasi kununua dawa ametamka matawi mawili ya safari moja, na akifungua Wagalatia jioni atakutana na la tatu.

Mpaka uko kwa nani

Sayansi ya leo haijalipa neno hili jibu tofauti na lile la mahakama za Athens. Katika miaka ya 1920, wakulima wa Kanada na kaskazini mwa Marekani waliona ng'ombe wao wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani makavu yaliyooza. Karl Paul Link na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliitambua kemikali iliyozuia damu isigande, na kutokana na kazi hiyo ikapatikana warfarini. Mwaka 1948 iliingia sokoni kama dawa ya panya. Mwaka 1954 iliruhusiwa kutibu binadamu, na tangu wakati huo imewakinga wagonjwa wengi wasizibwe mishipa na damu iliyoganda. Hakuna kilichobadilishwa ndani ya kemikali yenyewe. Panya anakufa kwa sababu ileile inayomfanya mgonjwa wa moyo aishi. Kati yao kuna kipimo, na kipimo hicho lazima kisimamiwe na mtu anayemchukua mgonjwa damu tena na tena, kwa sababu kikizidi kidogo, farmakon inageuka.

Wagiriki waliokusanya maandishi ya tabibu Hippocrates walilijua hilo, na ndiyo maana tabibu aliapishwa. Katika kiapo kile anaahidi kutompa mtu yeyote farmakon ya kuua hata akiombwa, wala kumshauri kuitumia. Kivumishi kile cha Homer na cha jiwe la Teos kimerudi, ila sasa kimewekwa ndani ya ahadi ya mtu. Kama mimea ya shambani ingekuwa imegawanyika yenyewe, ya uzima huku na ya kifo kule, kiapo kisingehitajika. Ingetosha kumfundisha tabibu majina. Aliapishwa kwa sababu mkoba wake ulikuwa umejaa vitu ambavyo majina yake hayakumlinda mgonjwa.

Hicho ndicho neno hili linachotufundisha, na ndiyo sababu napinga wanaolihesabu kuwa fumbo la wanafalsafa. Lugha inayoandika "dawa" upande mmoja na "sumu" upande mwingine hutupa faraja ambayo vitu vyenyewe havijaiahidi. Mzazi anayemwongezea mtoto kijiko cha pili cha syrup kwa sababu ni dawa tu, mhubiri anayejua uzito wa maneno yake, daktari mwenye kalamu mkononi, wote wameshika kitu kinachogeuza. Mgiriki aliyekiita farmakon alilazimika papo hapo kuuliza ni kiasi gani, ni mkono wa nani, na ni kwa faida ya nani. Sisi tuliorithi neno lililoegemea upande wa heri hatulazimishwi na lugha kuuliza. Kwa hiyo maswali hayo matatu inatupasa tuyaulize wenyewe, kila mara, kabla ya kikombe kufika mdomoni.